Daftari la Nyufa

Ngazi mia na kumi na nne kwenda chini.
Naingia tumboni mwa ukuta kabla jua halijafika Njeru,
kofia ngumu, tochi, kipimio, penseli,
na daftari la jalada la kijani nililorithi kwa Tenywa
siku aliyostaafu, akaenda Kamuli kulima vanila
kwa magoti yaliyokwisha kuchoshwa na ngazi.

Humu ndani Kiyira hausikiki kama mto.
Unasikika kama jirani anayeburuta kabati
chumba cha pili, usiku kucha,
asipate pa kuliweka.

Waliojenga hawakukosea hesabu.
Nondo zilitosha, saruji ilitosha, mchanga ulioshwa.
Siri ilikuwa kwenye kokoto:
mawe ya papa hapa, yaliyopasuliwa kwa bei nafuu,
yenye kiu ambayo hakuna aliyeiulizia.
Yakakutana na magadi ya saruji, yakanywa maji,
ute kama wa bamia ukajaa kati ya chembe na chembe,
na ukuta ukaanza, miaka baada ya sherehe na tarumbeta,
sijui niseme kuvimba.
Tenywa aliandika: kukua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifundishwa shuleni.
Hapa ukuta ulitangulia,
nao unajenga nyufa, polepole, kwa mkono wake.

Namba saba: unene wa unywele.
Namba kumi na tisa: unatoka jasho.
Namba thelathini na moja: milimita mbili na robo,
na pembeni, kwa mwandiko wa Tenywa,
mwaka niliokuwa darasa la tano:
"Leo haukusogea. Nimekaa nao kidogo."

Kwenye mtambo wa nne pete imeacha kuwa duara, imekuwa yai.
Chuma kinasugua chuma. Ukiweka kiganja sakafuni
unasikia meno yanayosagwa usingizini.

Mhandisi Akiteng akasema: tukate.
Waya wenye almasi, tangu juu hadi chini,
mwanya wa kidole kimoja, zege lipate pa kujinyoosha.
Mhasibu aliyetoka Kampala akavua miwani.
"Mnataka fedha za kulikata bwawa
ili lisipasuke?"
"Ndiyo."
"Na likiendelea kukua?"
"Tutakata tena. Wewe kucha zako unakata mara moja?"
Akazitazama kucha zake.
Sahihi ilikuja baada ya miezi saba.

Kwetu Walukuba fremu ya mlango ina alama za penseli hii hii,
kimo cha Balidawa kila Krismasi.
Ilikuwa nazo. Mwenye nyumba alipaka rangi ya samawati
bila kuuliza.
Nilisimama mlangoni na mfuko wa unga begani
nikilia kwa ajili ya sentimita.
Mtoto akanishangaa: "Mama, si mimi bado nipo?"

Siku ya kukata, waya ulilia tangu asubuhi.
Maji ya kijivu yakatiririka kama uji uliofurika sufuria,
na mafundi wakaacha mizaha.
Saa kumi alasiri ukuta ukatoa mlio mmoja, mfupi,
wa mtu aliyeshiba anayelegeza mkanda.

Jioni ile nilipima mwanya: milimita kumi na mbili.
Leo, wiki ya sita: kumi na moja na nusu.
Unajifunga. Tulijua utajifunga.
Naandika namba, natia tarehe,
nachonga penseli kwa wembe,
halafu, kwa kuwa hakuna mtu,
nakaa nao kidogo.

Ngazi mia na kumi na nne kwenda juu.
Goti la kushoto limeanza kusema.