Kushoto Kwake Palikuwa na Nini

Kila Alhamisi, saa nane mchana, nje kiza totoro
kwa kuwa huku Desemba jua halijisumbui kuchomoza,
Hjalmar huufungua ubao wake juu ya meza ya maktaba:
vigae arobaini na vinane, vyote kifudifudi,
kila kimoja na pacha wake mahali fulani.

Alivichonga mwenyewe kwa mbao za mlango wake
mwaka ule mgodi ulipoula mji kutoka chini
na kampuni ikatuhamisha, sisi na makaburi yetu,
kilomita tatu mashariki.

Kanuni ni hizi. Unafunua viwili.
Vikifanana, usivichukue bado:
sema kwanza kushoto kwake palikuwa na nini.
Ukishindwa, unavirudisha, na wenzako
wanatazama dari kwa adabu.

Daktari alisema mchezo huu hunoa kumbukumbu.
Kisu kikinolewa sana huisha, Sirkka alimjibu.

Sirkka hukariri kwa vidole, si kwa macho;
miaka thelathini alipanga barua posta.
Anajua duka la mkate liko safu ya tatu,
ila juzi alivaa koti langu akaenda nalo.
Biret hudanganya. Sote tunajua. Tunamwacha.
Mimi huandika alama, nikasahau zamu ni ya nani.

Ugomvi wetu ni mmoja tu: kibanda cha magazeti.
Hjalmar alikipaka njano. Kilikuwa kijani.
Nilibusiwa mara ya kwanza nyuma yake, rangi mbichi
ikanichafua mgongo, mama akaona:
kijani, nasema, kijani!
Lakini kigae ni cha njano,
na kigae ndicho kilichobaki mezani.

Kisha akaja Nawid, miaka kumi na mmoja,
akimsubiri mamaye amalize kupiga deki ghorofa ya juu.
Wiki tatu alikaa kimya, akila maandazi yetu ya mdalasini.
Wiki ya nne akaomba zamu.

Akafunua duka la mkate. Akafunua pacha wake.
"Kushoto," akasema kwa Kiswidi chake cha shule,
"fundi viatu, yule mwenye mbwa wa macho rangi mbili."
Akafunua sinema. "Kushoto, ngazi zenye barafu
alipovunjika mguu mke wa mchungaji."
Kanisa. Benki. Mnara wa saa.
Mtaa mzima ukasimama mdomoni mwa mtoto
ambaye hakuwahi kuukanyaga;
alipozaliwa palishakuwa shimo na uzio.

Biret akasahau kudanganya.

Akafika kwenye kibanda. "Cha njano," akasema,
"lakini huyu bibi husema kijani."
Akaniangalia.
Nikamwandikia alama yake. Mkono ulinitetemeka;
ni uzee, msihangaike.

Alishinda kwa jozi kumi na saba.
Hjalmar hakumpongeza. Alipekua mkoba wake
akatoa vibao viwili vitupu
na penseli iliyotafunwa.

Nawid alichora polepole, kiganja kikificha:
mlango wa buluu, mkomamanga, tanuri la mkate.
Akachora tena, vilevile, asikosee.

Vigae sasa ni hamsini.
Leo Sirkka, kwa vidole vyake vya posta,
amevipata vyote viwili.
Ametulia. Amemgeukia mtoto.
Hajui. Hakuna anayejua mezani hapa,
na hakuna anayetazama dari:
tunamngoja atuambie
kushoto kwake palikuwa na nini.