Tundu la Sindano

Keti, Cirhuza, lakini si juu ya sanduku, lina pesa za watu.
Soma daftari lako. Mtihani ni kesho, nakusikia.
Unasema kuna nchi mfalme hatawali, anatia sahihi tu;
kuna nchi bunge humwangusha waziri mkuu asubuhi
na mchana watu wanakula kama kawaida;
kuna shirikisho, kila mkoa na sufuria yake.
Na sisi? Ukurasa wetu umeukunja.

Mimi sikusoma sheria. Nabadilisha pesa hapa Nyawera
tangu enzi za kuhesabu mamilioni ili upate mkate.
Serikali nazijua kwa vidole.

Hii imevuka Ruzizi leo. Imekunjwa mara moja, katikati.
Mwenyewe aliniomba risiti. Risiti! Kando ya barabara!
Kwao, anasema, ukitupa ganda la ndizi utaulizwa.
Nikamwambia: na ukitupa neno?
Akahesabu pesa zake mara ya pili, akaenda.

Hii ya Warundi inanuka petroli na ndagala.
Ililala siku nne kwenye foleni, mfukoni mwa dereva.

Na hii yetu. Imebandikwa gundi,
imeandikwa namba ya simu ya mtu asiyepokea,
imepita kwenye sidiria, kwenye samaki, kwenye kofia ya askari,
na bado Kadutu itanunua sambaza.
Hakuna anayeikataa.
Tumezoea kupokeana tukiwa tumechanika.

Lakini dola ikiwa na tundu la sindano,
tundu tu,
tunaiinua juani, tunairudisha.
Liandike hilo, mwalimu atalitafutia jina refu.

Mwaka ule nilipiga kura. Foleni tangu alfajiri, mvua juu.
Mashine ikanionyesha nyuso, nikabonyeza mmoja,
ikatoa karatasi.
Nikafurahi: kumbe na sisi tunatoa risiti!
Nikaikunja nitie kwenye kitenge.
Hapana, mama, wakasema, itie ndani ya sanduku.
Sanduku likabebwa kwenye pikipiki, likashuka mteremko,
nami nikabaki na wino kwenye kidole,
siku tisa, hata sabuni ya mawese haikuutoa.

Usicheke. Endelea. Umefika wapi?
Mgawanyo wa madaraka.
Ngoja kidogo,
yule polisi anakuja kuchukua mgawo wake wa jioni.