Kilo Tatu za Karatasi

Mama hununua karatasi kwa kilo, Kongowea.
Zenye maandishi ya Kiarabu huzitenga kando,
zisije zikawa na jina la Mola zikalowa mafuta.
Nyinginezo zote ni za bajia.

Mwezi wa Saba, kati ya risiti za duka la saruji
na mtihani wa jiografia wa mwaka niliozaliwa,
nikaona riwaya isiyo na jalada.
Ilianzia ukurasa wa kumi na tisa:
*Zawena hakujibu. Tangu Jumatano hakuwa amemjibu mtu.*

Nami sikuwa nimemjibu mtu.
Sauti ilikuwa imenichopoka kama kuku wa kuchinjwa.
Darasani nilisema "yuwaja", likatoka vipande viwili,
kimoja cha baba, kimoja cha mdogo wangu Nargisi,
darasa zima likaangua kicheko,
na Mwalimu Muthama, chaki mkononi, akanisahihisha:
"Anakuja. Si yuwaja. Anakuja."
Nikafunga mdomo.
Wiki ya kwanza hakuna aliyetambua.
Wiki ya tatu mama akanipikia supu, akidhani ni koo.

Basi nikawa nasoma nikishindana na karai.
Mafuta yakichemka, mama hunyoosha mkono bila kutazama,
huchana lililo juu.
Ukurasa wa thelathini na moja ulikwenda na dereva wa tuktuk.
Wa arubaini, pale Zawena aibapo ufunguo wa paa,
waliuchukua wasichana wawili wa sare ya buluu,
wakaufinyanga, wakautupa mtaroni Mshomoroni.
Nilitaka kuwakimbilia.
Ningewaambia nini, na kwa sauti ipi?

Mji wa Zawena ni wa baridi, siujui.
Huvaa koti la marehemu babake, mikono yamfika vidoleni;
mimi shati lanigandia mgongoni tangu saa mbili asubuhi.
Lakini mezani kwao hukaa kama mgeni aliyekosea nyumba,
akingoja mtu amwambie,
na hakuna amwambiaye, wanapitishiana chumvi tu.
Nikasoma hapo mara nne.
Huyu yuwanijua, nikasema moyoni,
na moyoni hakuna aliyenisahihisha.

Siku ya harusi ya jirani zilitakiwa bajia mia mbili.
Nilitumwa mkaa. Niliporudi,
ukurasa wa mia na kumi na mbili hadi mwisho
ulikuwa umekwenda kula pilau.
Zawena nilimwacha juu ya paa, mguu mmoja ukingoni.
Nikasimama na gunia begani, machozi yananitoka,
mama akashangaa:
"Kwani chuo hicho chali chako? Mbona hukusema?"

Kwa mama kitabu ni chuo. Mwalimu angelipiga mstari.

Usiku ule nikafungua daftari la hesabu kwa nyuma
nikaandika paa, na mvua inayoanza,
na maneno ya Zawena kama tusemavyo jikoni,
yuwalia, yuwacheka, n'ache, sitaki.
Sikujua ashuke vipi. Karatasi ikaisha.
Alfajiri nikaichana mwenyewe,
nikaiweka juu ya rundo, nikaiwekea jiwe,
nikaenda shule tumbo likiniuma.

Siku ya pili yake akaja Nyundo, bawabu wa ghala la mchele,
saa ambayo si yake.
Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne,
mafuta yameifanya kioo, waona vidole upande wa pili.
"Mama Mselem," akasema, "huyu msichana
alishuka au hakushuka?"

Mama akaitazama karatasi. Akautambua mwandiko.
Akanitazama mimi, kijiko kikidondosha mafuta chini.

Nikakohoa.
"Bado," nikasema. "Bado yuko juu. Ndoo kesho."
*Ndoo* likatoka kwa baba,
*kesho* likatoka kwa Nargisi.

Nyundo hakucheka.
Akaikunja karatasi yake, akaagiza za ishirini,
akauliza kama pilipili ni ya leo.