Daftari la Mndimu

Shahjahan alikuwa keshachanganya dawa,
bomba mgongoni, kitambaa puani.
Nikamwambia: ngoja, baba, nipe robo saa.
Mndimu ni wangu,
na hao wanaoutafuna ni wangu pia, tangu asubuhi.

Nikachuma kumi na mmoja.
Ukiwatazama mbiombio utasema kinyesi cha shorwe:
weusi, baka jeupe mgongoni, mng'ao wa unyevu.
Ndivyo wanavyotaka useme.

Kopo la halwa, la kilo mbili,
nimelisugua mara tatu bado linanukia zafarani.
Juu yake kitambaa cha shela
nilichonunua Jumatano, soko la wanawake hapa Ibra.
Muuzaji akaniuliza: nani anaolewa?
Nikasema: bado hawajajijua.

Siku ya tatu. Wanne wamejivua ngozi. Wameila.
Siku ya saba. Kijani wote, ila mmoja,
mvivu, au mgonjwa, au ana hesabu zake.
Yaarub akamgusa kwa ncha ya penseli,
akachomoza pembe mbili rangi ya chungwa, laini kama ulimi,
na harufu ya ndimu iliyosahauliwa chini ya mtungi.
Mtoto alirukia mlangoni.
Mimi nilicheka hadi ushungi ukaanguka.

Miaka thelathini na miwili nimepima watoto wa watu
kliniki, kilo na gramu, kadi mkononi.
Sijaona wanaonenepa hivi,
wala mama ambaye haji hata kuuliza.

Usiku, nyumba ikishanyamaza, nawasikia wakila.
Ni kama mtu anakunja risiti
chumba cha pili.

Siku ya kumi na nne wameyakataa majani.
Wanazunguka, wanaharisha, wanatafuta pa kukaa.
Nimewasimamishia vijiti, vibichi na vikavu,
maana nilikuwa na swali.
Aliyepanda kibichi akawa bundo la kijani.
Aliyepanda kikavu akawa kipande cha kijiti.
Wote wamejifunga uzi mmoja kiunoni
wakaegemea nyuma, kama mkwezi wa mtende na kamba yake,
ila huyu mikono yake iko ndani, ina kazi nyingine.

Muhannad, mwanangu, anaweka kiyoyozi kumi na nane
kisha anajifunika blanketi.
Mabundo nayo yakalala. Siku ya kumi, ya kumi na tano.
Nikayahamishia stoo, kati ya magunia ya tende,
kwenye joto waliloumbiwa.

Siku ya nne stoo, kabla ya adhana, ganda limekuwa kioo:
njano na nyeusi ndani, zimekunjwakunjwa.
Akatoka kama leso iliyokamuliwa,
akaning'inia, akajikung'uta tone la kutu,
akakauka taratibu, bila kunitazama.
Jioni walikuwa sita.

Bundo moja halikutoa kipepeo.
Lilitoboka tundu la sindano
wakatoka nyigu, wadogo kuliko ufuta, rangi ya shaba.
Arobaini na wawili. Niliwahesabu wote.
Nikakaa na kalamu muda mrefu.
Halafu nikawaandika ukurasa uleule.
Kliniki haimuulizi mtu kaingiaje duniani.

Shahjahan amerudi kwa ajili ya mbogamboga.
Mmoja akamtua kwenye mpira wa bomba lile lile,
akasimama wima, hapumui, akanipa simu nimpige picha
awapelekee nyumbani Sylhet.
Kwao, anasema, ni projapoti.
Nimeliandika kwa herufi zangu, akalisahihisha kwa kidole.

Kwenye kopo limebaki moja, la hudhurungi.
Nadhani ni yule mvivu.
Yaarub anasema limekufa, tulitupe.
Nimeligusa kwa unywele: limetikisa tumbo, mara moja, kwa hasira.
Nimeliweka kwenye mizani ya dhahabu ya marehemu mama.

Siku ya thelathini na tisa. Bado.
Uzito haujapungua.