Utakayepangiwa

Raundi ya nne, meza ya sita.
Ukumbi wa Kaloleni, Julai, manyunyu,
bati linanong'ona, chai ya flaski imeshapoa.
Mwamuzi ni mimi. Nimebonyeza saa.

Kete nyeupe: Mama Ayuma,
karani wa mizani soko la Wakulima hadi alipostaafu,
sweta ya kijani, miwani imefungwa uzi.
Kete nyeusi: kompyuta ya mdhamini,
na kijana Kibiwott wa kuisogezea,
kwa kuwa mshindani hana mkono.

Saa inakula dakika. Hakuna kitunda kilichosogea.
Nikainama: "Mama, muda wako unakwisha."
"Najua. Nautazama."
"Kanuni ya tisa: aliyelipa kiingilio
atacheza na yeyote atakayepangiwa."
"Rudia mwisho."
"Atakayepangiwa."
"Ye," akasema. "Hata kunguni ni ye.
Hii mliyoniwekea hapa ni yo."

Meza ya tano wakaacha kucheza.
Nikapekua kijitabu kana kwamba irabu
hubadilika ukiigeuza karatasi.

"Miaka thelathini nimesoma mizani," akasema,
"magunia ya viazi, asubuhi mpaka jioni.
Hakuna siku niliyoshindana nayo uzito."

Kibiwott, macho sakafuni:
"Mimi imenifunza. Usiku, kwa simu ya dada.
Nilikosea mara mia na haikunicheka."

Mama akakaa kimya kidogo.
"Hilo nalikubali. Ila mimi, nikishindwa,
nataka nimwone mtu akijizuia kucheka."

Bendera ya saa ikaanguka.

Fomu ina visanduku vinne:
ameshinda, ameshindwa, sare, hakufika.
Lakini alifika. Alifika kabla yangu,
akapangusa kiti kwa leso, akakaa wima
saa nzima, mikono magotini.
Nikaandika sifuri. Nikaandika pembeni: *alikuwepo*.
Mdhamini akauliza hilo neno ni la nini.
Nikasema ni la kumbukumbu zangu.

Nilipokuwa nikikusanya saa
wale wawili walikuwa wamehamia dirishani,
ubao juu ya kreti ya soda,
Kibiwott sasa akisogeza kwa akili yake,
na kwa woga wake.
Sijui nani alishinda. Nilisikia tu "aaah!"
na kete ikibingirika chini ya viti.

Meza ya sita kioo bado kinawaka,
hatua ya kwanza haijachezwa.
Inangoja. Wala haichoki, nakiri,
haichoki hata kidogo.
Nikatafuta swichi ukutani.