Chana Hapa, Mama

Walikuja Jumanne, upepo wa Agosti umeshakunywa nusu ya ndoo,
vijana wanne na kamera moja iliyoviringishwa kwenye khanga,
wakasimama mbele ya cherehani yangu pale Chang'ombe
wakaitazama nyumba kama mtu anayechagua nyanya.
"Nzuri," akasema mwenye kofia. "Ila bati linang'aa mno."

Bati! Nimelinunua miaka mitatu, moja moja,
kwa suruali za shule na magauni ya kipaimara.
Wakalitupia turubai lenye matundu.
Kochi likatolewa, likakaa nyuma na kuku.
Wanangu wakaambiwa vueni viatu.
Ndahani, yule mdogo, akauliza: tunaingia msikitini?
Hakuna aliyemjibu.

Kisha mwimbaji mwenyewe, Lameki, mtoto wa Mnyambwa wa Nkuhungu
(namjua tangu akichapwa kwa kuiba zabibu za mapadri),
akavua shati jeupe, jipya, mikono ina mistari ya pasi,
akanishikisha mkasi wangu.
"Chana hapa, mama. Na hapa, nyuma ya bega.
Umaskini lazima uonekane."

Nimeshona miaka ishirini na miwili.
Nimeziba magoti, makwapa, makalio ya walimu,
nimegeuza kola iliyolika ikatazama ndani
mtu akaenda nayo harusini, akapigwa picha.
Umaskini ninaoujua mimi hauna tundu.
Unapigwa pasi ya mkaa saa kumi na moja alfajiri,
unapakwa mafuta miguuni,
unasema "tumeshakula, asanteni"
huku tumbo linakohoa.
Nikachana.
Kitambaa kikatoa sauti ya mtu anayetaka kusema jambo
akaghairi.

Alasiri wakahamia Iyumbu kuchukua sehemu ya utajiri.
Nikaenda nao. Suti ya zambarau niliishona mimi,
kwa mkopo, nikataka kuiona ikitembea.
Jumba la ghorofa mbili, halijalalwa na mtu bado,
milango ingali na nailoni. Mlinzi akawapa saa mbili na nusu.
Gari limekodiwa kwa masharti: wasifungue buti.
Chupa ndefu, shingo ya dhahabu,
ndani chai ya rangi iliyopoa.
Na noti walizorusha zilichapwa upande mmoja;
upepo wetu, usiojua sanaa, ukazigeuza
zikashuka nyeupe, nyeupe, mchangani.
"Rudia!" akafoka mwenye kofia.
Tukaziokota wote, mimi, mlinzi, wasichana watatu wa miwani,
na tajiri wetu katikati, ameikunja suruali isichafuke,
tumeinama mstari mmoja
kama watu wanaopalilia karanga.

Mwezi uliofuata jirani akanionyesha kwenye simu.
Nyumba yangu: sekunde nne. Juu yake maandishi, "Nilikotoka".
Hakutoka huko. Kwao kuna dari.
Ndahani anapita pekupeku, uso umejaa huzuni;
kumbe alikuwa anatafuta kiatu.
Halafu jumba, halafu chai inamwagwa kama haina bei.
Watu laki mbili wametazama, akasema jirani.
Mimi nilitazama pindo.
Pindo lilikaa vizuri.

Jana usiku mtu kabisha hodi mlango wa nyuma,
kwa miguu, vumbi hadi magotini.
Lameki. Kashika kitu kilichokunjwa kwenye gazeti.
Deni la suti, elfu sitini, hakulitaja,
na mimi, sijui kwa nini, sikulitaja.
Akafungua gazeti: shati.
"Nina usaili Ijumaa, mama. Kule Mtumba, kupokea wageni.
Unaweza kulishona lisionekane?"

Nikawasha taa, nikatafuta uzi mweupe.
Mbele litatulia, nikamwambia.
Begani litabaki kovu.
Ukimaliza kuongea nao, toka kinyumenyume.