Bawaba Sita, Tandil

Nélida haandiki bei kwa desimali.
Huziweka kwa senti, namba nzima nzima,
maana mashine ikigawa nukta hudondosha makombo,
na makombo ya duka la vyuma ndiyo mkate.

Faili ni moja, fupi kama risiti.
Kila kigeu humo huanza na alama ya dola,
ambayo hapa Tandil ndiyo ya peso pia.
Mumewe Baudilio hucheka:
“Hata kompyuta yako haijui tunaumwa na pesa ipi.”

Jumatatu bawaba elfu mbili mia nne.
Alhamisi bawaba ni ileile, vumbi lilelile,
tarakimu imehama.
Anafuta, anaandika, anahifadhi;
ukurasa unarudisha mwangwi wa namba mpya.

Saa kumi anaingia Ibarlucea, seremala,
simu mkononi, kioo kimepasuka:
kwake bado ni Jumatatu.
Simu imeukumbatia ukurasa wa juzi, haiuachii.

Baudilio anakohoa.
Nélida anahesabu bawaba sita, anazifunga gazetini,
anatoza ile aliyoiona.

Ahadi ni deni, anasema,
hata ikikaa kwenye kioo kibovu.

Kisha anarudi kwenye faili.
Dola imepanda tena tangu mchana.